Gari Limegoma Njiani: Soma Dalili, Jua wa Kumwita, Ndipo Uchague Mpango

Wengi hununua mpango wa msaada wa barabarani kwa kutazama vitu viwili: bei na urefu wa orodha ya huduma. Siku gari linapogoma ndipo hugundua kwamba kipengele kimoja walichokihitaji, mara nyingi umbali wa kubebwa, ndicho kilichobanwa. Hapa tunaanza upande wa pili, kwenye gari lenyewe. Tunatazama linavyogoma, kwa nini linagoma, na kila ugonjwa unahitaji huduma gani. Ukishajua gari lako lina tabia ya kuumwa nini, sehemu kubwa ya uamuzi kuhusu mpango imekwisha.

Kuna swali moja la kujiuliza mbele ya kila tatizo. Je, hili linaweza kumalizwa pale pale, au gari lazima libebwe? Betri iliyoisha, tairi lililotoboka, mafuta yaliyokwisha na ufunguo uliofungiwa ndani humalizwa papo hapo, tena na fundi mmoja mwenye vifaa vichache. Injini iliyochemka, gia zilizokataa, breki zilizokufa na oili iliyomwagika huishia juu ya lori. Matatizo ya kundi la kwanza ndiyo ya mara kwa mara, ila ya kundi la pili ndiyo yanayomaliza pesa, na hapo ndipo mipango hutofautiana.

Kwanza ondoka kwenye hatari

Usianze kufungua boneti katikati ya njia. Kama gari bado linasogea, lipeleke pembeni kabisa, hata kama tairi limeisha upepo na rimu inaharibika. Rimu hununuliwa. Washa taa za hazadi, geuza magurudumu yaelekee nje ya barabara, vuta breki ya mkono. Abiria washuke upande usiopitiwa na magari, wasimame mbali na gari, ikiwezekana nyuma ya kizuizi cha barabara. Asisimame mtu mbele wala nyuma ya gari, maana likigongwa yeye ndiye atakayebanwa.

Pembetatu ya tahadhari huwekwa nyuma ya gari, na umbali wake unategemea kasi ya wanaokuja. Gari lililo kwenye kilomita 100 kwa saa hupita takriban mita 28 kila sekunde, kwa hiyo pembetatu iliyo mita 50 nyuma inampa dereva chini ya sekunde mbili za kufikiri. Mjini hizo mita 50 zinatosha. Kwenye barabara ya mwendo kasi zidisha sana, na kama kuna kona au kilima, iweke kabla ya kona ili ionekane na mtu ambaye bado halioni gari lako. Baadhi ya nchi hushauri kutoiweka kabisa kwenye barabara kuu za kasi, kwa sababu kutembea pembeni mwake ni hatari kuliko faida inayopatikana. Uingereza ni mojawapo.

Na kama gari limezima ndani ya njia ya kasi na haliwezi kusogezwa, simu ya kwanza ni ya polisi au ya dharura. Kampuni ya msaada wa barabarani itasubiri. Katika Umoja wa Ulaya namba ni 112, na aina mpya za magari zilizoidhinishwa huko tangu tarehe 31 Machi 2018 zina mfumo wa eCall, unaopiga simu ya dharura wenyewe ajali kubwa inapotokea au dereva anapobonyeza kitufe cha SOS. Mpango wa kulipia hauchukui nafasi ya huduma hizo.

Dalili: unawasha, injini haiwaki

Hili ndilo tatizo ambalo masikio yanasaidia kuliko macho. Zima redio, geuza ufunguo, sikiliza.

Ukisikia tik-tik-tik ya haraka huku taa za dashibodi zikififia, betri haina nguvu ya kuzungusha stata, mota inayoamsha injini. Ukiwa na mita ya umeme, pima gari likiwa limepumzika. Betri ya kawaida ya volti 12 iliyojaa husoma karibu 12.6, iliyo nusu husoma kama 12.2, na chini ya 12 imeisha. Sababu huwa za kawaida: taa ya ndani iliyosahaulika, safari fupi fupi ambazo haziipi betri muda wa kujaa, au uzee. Betri nyingi za asidi huishi miaka mitatu hadi mitano, na joto kali huzichosha mapema. Kabla ya kuilaumu, shika vichwa vyake. Kama kimoja kinacheza au kimejaa ukungu mweupe au wa kijani, huenda umeme upo ila haupiti. Kusafisha na kukaza kunaweza kumaliza kazi.

Mlio mmoja mzito, tak, kisha kimya, huku taa zikibaki na mwanga wake wote, unaelekeza kwenye stata au solenoidi yake, yaani swichi ya umeme inayoiwasha. Hapo kushtua betri, yaani kuipa umeme wa betri nyingine, hakutasaidia. Gari la gia za mkono linaweza kusukumwa na kuwaka kwa klachi. La otomatiki haliwezi, na kulisukuma ni kujichosha bure.

Kimya kabisa, bila hata taa moja, maana yake betri imekufa kabisa, au kichwa chake kimeachia, au fyuzi kuu imekatika. Kimya lakini taa zote zinawaka ni habari nyingine. Kwenye otomatiki, sogeza mkono wa gia hadi N na ujaribu tena, kwa sababu swichi inayohakikisha gari liko P au N huchakaa. Kwenye gia za mkono, kanyaga klachi hadi mwisho. Watu wamewahi kubebewa magari hadi gereji kwa sababu ya zulia la sakafuni lililoizuia klachi isifike chini.

Mwisho kuna injini inayozunguka kwa nguvu bila kuwaka. Betri ni nzima, stata ni nzima, kinachokosekana ni mafuta au cheche, au gari limekataa kuutambua ufunguo. Tazama dashibodi kama kuna taa ya ufunguo inayomweka. Kwa magari ya kitufe, betri ndogo ya rimoti ikiisha, mara nyingi injini hukubali ukigusisha rimoti kwenye kitufe chenyewe au mahali palipoelekezwa katika kitabu cha gari. Ukiwasha swichi bila kupiga stata, kwenye magari mengi ya petroli utasikia pampu ya mafuta ikinguruma sekunde chache upande wa tangi. Kimya kinaashiria pampu, rilei au fyuzi yake.

Kama ni betri, mpangilio wa nyaya ni huu: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, ncha ya pili ya nyekundu kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho ya nyeusi kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri. Hiyo ya mwisho ina sababu yake. Betri ya asidi hutoa haidrojeni, na cheche ya muunganisho wa mwisho haitakiwi kuruka juu yake. Betri iliyopasuka, inayovuja au iliyoganda kwa baridi isiguswe. Wala usiombe umeme kutoka gari la haibridi au la umeme bila kusoma kitabu chake, maana mengi hayaruhusiwi kutoa.

Injini ikishawaka, pima tena. Alternata, jenereta inayochaji betri, ikiwa nzima kwa kawaida huonyesha kati ya volti 13.7 na 14.7, ingawa magari ya kisasa hupandisha na kushusha kiwango hicho yenyewe. Ikiwa mita inabaki 12 na kitu na inazidi kushuka, betri haikuwa na kosa. Alternata haichaji, na gari litazima tena njiani.

Kwa upande wa mpango, kushtua betri kumo karibu katika kila kifurushi, kwa hiyo kusikuvutie. Linalokuhusu ni mahali. Betri hupenda kufa asubuhi, nyumbani, baada ya gari kulala, na mipango mingi ya bei ya chini haihudumii gari lililo nyumbani. Kwa mfano, AA na RAC, kampuni za msaada wa barabarani za Uingereza, huhesabu robo maili kutoka nyumbani, yaani kama mita 400. Ndani ya mstari huo unahitaji kipengele cha ziada. Mwenye gari la zamani au gari linalolala siku nyingi bila kutumika akinunua mpango usiofika nyumbani, ameacha nje tatizo lililo karibu zaidi kumpata.

Dalili: geji ya joto imepanda, mvuke unatoka

Zima kiyoyozi. Kama huwezi kusimama mara moja, washa hita ya ndani hadi mwisho. Mtatoka jasho, lakini inavuta joto kutoka kwenye injini. Simama mapema iwezekanavyo na uzime. Kilomita mbili za "nifike tu pale" ndizo zinazogeuza bomba la bei ndogo kuwa kazi ya kufungua hedi, kichwa cha injini.

Usifungue kifuniko cha rejeta. Mfumo wa kupoza una shinikizo, na ndiyo maana maji yake hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiachia shinikizo ghafla, maji hugeuka mvuke na kukurukia usoni. Subiri angalau nusu saa, hadi bomba la juu liweze kushikwa kwa mkono. Maji baridi juu ya injini ya moto nayo yanaweza kupasua chuma.

Wakati wa kusubiri, tafuta sababu. Gari linalochemka kwenye foleni na kupoa linapokimbia lina tatizo la feni, fyuzi yake au swichi inayoiwasha. Linalochemka kwenye mwendo au mlimani lina maji pungufu, rejeta iliyoziba, pampu ya maji iliyochoka au themostati (kilango cha maji ya kupoza) iliyokwama. Themostati hujisema mapema: bomba la juu lina moto mkali, la chini bado baridi. Belti iliyokatika utaiona, na taa ya betri itakuwa imewaka pamoja na joto, kwa kuwa kwenye magari mengi belti hiyo hiyo huzungusha alternata na pampu ya maji.

Kuna dalili moja inayowahadaa madereva. Geji inapanda, kisha inashuka ghafla hadi baridi huku mvuke bado unatoka. Injini haijapoa. Maji yamekwisha kiasi kwamba kipimo kimebaki kikigusa hewa.

Moshi mweupe mzito usioisha, wenye harufu tamu, au oili yenye rangi ya kahawa ya maziwa chini ya kifuniko chake, ni dalili ya gasketi ya hedi. Gari hilo halijazwi maji likaendelea. Hata uvujaji mdogo ukishajazwa maji unakupa umbali wa kutoka hatarini tu, safari imeishia hapo. Kwa mpango wako, kuchemka ni tatizo la kubebwa karibu kila mara, na ndiyo sababu ya kwanza ya kuuliza kilomita ngapi zinalipiwa.

Dalili: gari linavuta upande mmoja, au mlio wa tap-tap-tap

Tairi. Kila mtu analijua hili, kwa hiyo nitaje tu yanayokwamisha. Nati hulegezwa gari likiwa chini, kabla ya jeki kupanda, la sivyo gurudumu litazunguka nawe. Hukazwa kwa kuvuka, moja huku nyingine mkabala wake, na hukazwa kwa nguvu ya mwisho gurudumu likishagusa ardhi. Jeki haisimamishwi kwenye udongo laini bila ubao chini yake. Mtu haingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Tairi dogo jembamba la dharura limewekewa mwendo wa mwisho wa kilomita 80 kwa saa, na huhitaji upepo mwingi kuliko tairi la kawaida, mara nyingi psi 60. Likikaa miaka ndani ya buti bila kupimwa, utalitoa nalo limelala. Magari mengi ya sasa hayana spea kabisa. Yana chupa ya gundi na pampu ndogo, na gundi hiyo huziba tundu dogo la msumari kwenye uso wa tairi tu. Ubavu uliochanika haizibi. Vilevile kuna nati yenye kichwa maalumu ya kuzuia wizi, ambayo ufunguo wake umepotea zamani bila mwenye gari kujua. Fundi wa barabarani atafika, ataitazama, ataita lori.

Hapo pana mtego wa mkataba. Vifungu vingi vya tairi husema watakufungia spea yako. Hawasemi watakuletea tairi. Kama gari lako halina spea, uliza kwa maneno haya: tairi likichanika, mnanipeleka hadi duka la matairi, na ni bure au kuna malipo?

Dalili: taa imewaka kwenye dashibodi

Nyekundu inasema simama. Ya njano inasema nenda taratibu ukatafute fundi. Kanuni hiyo inatosha siku nyingi, isipokuwa katika mambo matatu.

Taa nyekundu ya oili haina mjadala. Zima injini pale unapoweza kusimama kwa usalama, maana bila shinikizo la oili vyuma vinasagana, na dakika chache zinatosha kuiua. Pima kijiti. Ikiwa kiwango kiko sawa na taa bado inawaka, usiwashe tena. Taa nyekundu ya betri ukiwa unaendesha inakwambia gari sasa linakula akiba ya betri. Zima kiyoyozi na redio, elekea mahali salama, na usizime injini njiani kwa sababu huenda isiwake tena. Lakini kama pamoja nayo usukani umekuwa mzito au joto linapanda, belti imeondoka, simama. Na taa ya injini ya njano ikiwa inamweka badala ya kuwaka tu, injini inakosa moto kwenye silinda na petroli isiyoungua inakwenda kuharibu katalisti, kifaa cha kusafisha moshi. Punguza mwendo, usiipe injini kazi nzito, simama mapema. Hii ndiyo taa ya njano ninayoipa heshima ya nyekundu.

Breki zikilegea hadi pedali inafika sakafuni, au taa nyekundu ya breki ikabaki wakati breki ya mkono imeachiwa, usijadiliane na gari. Libebwe.

Dalili: mafuta yamekwisha, au yaliyoingia siyo

Mafuta yakiisha kwenye gari la petroli, lita chache hulirudisha barabarani. Dizeli ni sumbufu zaidi, kwa sababu mfumo ukishanyonya hewa huenda ukahitaji kutolewa hewa hiyo kabla injini haijakubali. Mipango mingi huleta mafuta, lakini mafuta yenyewe utayalipia. Si wizi, soma tu ujue.

Kuchanganya ndiko kubaya. Petroli ikiingia kwenye tangi la dizeli, usiwashe injini. Usigeuze hata swichi, kwa kuwa pampu ya tangi inaweza kuanza kusukuma. Dizeli hulainisha pampu ya shinikizo kubwa na petroli huondoa ulainisho huo, chembe za chuma zikaenda hadi kwenye nozeli. Tangi likifyonzwa kabla ya kuwasha, umepata hasara ndogo. Baada ya kuwasha, huenda ukabadilisha mfumo mzima wa mafuta. Kosa hili huachwa nje ya mipango mingi au huuzwa kama nyongeza. Familia yenye gari moja la petroli na moja la dizeli ina sababu nzuri ya kuinunua nyongeza hiyo.

Dalili: ufunguo uko ndani, wewe uko nje

Kama mtoto au mnyama yumo ndani na jua linawaka, piga simu ya dharura, na vunja kioo kidogo kilicho mbali naye hali ikizidi. Vinginevyo subiri fundi. Rimoti nyingi zina ufunguo wa chuma uliofichwa ndani yake, na tundu lake huenda limefunikwa na kikofia cha plastiki kwenye mkono wa mlango. Kufunguliwa mlango kwa kawaida kumo kwenye mpango. Kutengenezewa ufunguo mpya kwa kawaida hakumo.

Gari halisogei: namna ya kubebwa

Klachi imekwisha, gia hazishiki, kitu kimevunjika chini. Fundi hana la kufanya hapo, na swali linakuwa gari litaondokaje. Namna mbaya ya kuondoka inaweza kuharibu kisichokuwa kibovu.

Kwenye otomatiki nyingi, pampu inayolainisha gia huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa na magurudumu ya kuendesha yanazunguka barabarani, gia zinazunguka kavu. Kwa hiyo magurudumu yanayoendesha lazima yainuliwe, au gari zima lipande juu ya lori lenye jukwaa. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne likiinuliwa upande mmoja tu, ekseli nyingine inalazimishwa kuzunguka na kuharibu sehemu za kati, kwa hiyo litake jukwaa, au vigari vidogo vya kuweka chini ya magurudumu yaliyobaki.

Gari la umeme nalo ni la jukwaa. Magurudumu yake yakizungushwa, mota hugeuka jenereta, na umeme huo hauna pa kwenda salama. Wenye magari haya husahau kwamba nayo yana betri ndogo ya volti 12 ya kufungulia milango na kuwashia mifumo. Ikifa, gari lenye chaji ya kilomita 300 haliwaki kabisa, na dawa yake ni ile ile ya gari la kawaida. Chaji kubwa ikiisha, wachache wana vifaa vya kukuchajia barabarani. Wengi watakubeba hadi kituo cha karibu, na uliza kama safari hiyo inahesabiwa kama kuishiwa mafuta au kama uharibifu, kwani masharti huwa tofauti.

Umepiga simu, ukaambiwa huna haki

Mpango nao una dalili na sababu zake.

Ulijiunga leo na gari limegoma leo. Mipango mingi ina muda wa kusubiri kabla ya kuanza kazi, mara nyingi saa 24 au zaidi, ili watu wasinunue wakiwa wameshakwama.

Ulikuwa ukiendesha gari la ndugu yako. Kuna mpango unaofuata mtu, popote alipo na gari lolote, na kuna unaofuata gari, awe nani usukanini. Ukiwa na mpango wa pili na umepanda gari la mwingine, huna kitu.

Tatizo ni lile lile la mwezi uliopita. Kampuni nyingi zinakataa kurudi kwa ubovu uliokwisha kuonyeshwa na haukutengenezwa. Betri iliyoshtuliwa mara tatu si bahati mbaya tena machoni pao.

Imetokea ajali. Mpango wa uharibifu si bima ya ajali. Kubebwa baada ya kugongana mara nyingi ni kazi ya bima ya gari, na kuna mikataba isiyogusa kabisa gari la ajali.

Uko nje ya barabara. Matope, mchanga, shamba, mto. Wengi huhudumia barabara inayopitika na lori lao tu, na kuvuta kwa winchi kuna kikomo cha mita au cha saa.

Umeshaita lori lako mwenyewe, ukaleta risiti. Baadhi ya mipango hurejesha pesa, tena hadi kiwango fulani. Mingine hailipi kama hukupiga simu kwao kwanza. Tofauti kati ya kampuni inayotuma msaada na ile inayokurudishia gharama hujificha kwenye neno moja la mkataba, na saa nane za usiku ni tofauti kubwa.

Kisha kuna gari lenyewe: umri uliozidi, uzito uliopita kikomo (tani 3.5 ni mpaka wa kawaida), trela ambalo halikutajwa, au gari la kubeba abiria kwa malipo lililosajiliwa kwenye mpango wa matumizi binafsi. Hili la mwisho linawakumba madereva wa teksi za programu za simu kuliko wanavyodhani.

Kuchagua sasa

Anza na ulicho nacho. Gari jipya mara nyingi huja na msaada wa barabarani kwa muda fulani wa dhamana, bima kubwa inaweza kuwa nao kama nyongeza, na kadi nyingine za benki nazo. Kulipia mara mbili si jambo geni. Uliza tu kama msaada uliomo kwenye bima huhesabiwa kama dai.

Kisha chora ramani ya safari zako za kawaida na uweke gereji unayoiamini juu yake. Umbali mrefu zaidi kati ya unapopita na gereji hiyo ndiyo idadi ya kilomita unayohitaji. AAA, shirika la wenye magari la Marekani lililoanza mwaka 1902, inaonyesha vizuri bei inavyokwenda na umbali. Ngazi ya chini hubeba maili chache tu, ya kati huenda hadi 100, ya juu hadi 200 kwa safari moja, na masharti hutofautiana kwa kila klabu ya eneo. Anayezunguka mji mmoja hana haja ya ngazi ya juu. Anayesafiri kati ya miji kila wiki akichukua ya chini, atalipa kilomita za ziada kwa bei ya lori. Angalia pia kama ni kilomita hadi unakotaka wewe au "hadi gereji iliyo karibu". Hiyo ya pili inaweza kukuacha kwa fundi usiyemjua, mji usiokuwa wako.

Kama unaendesha magari tofauti, elekea mpango unaofuata mtu. Kama gari ni moja na linaendeshwa na kila mtu, ufuate gari. Gari la umeme, la magurudumu manne au lililoshushwa chini lipate ahadi ya jukwaa kwa maandishi, isiwe kwa mdomo wa muuzaji. Gari kuukuu lipate mpango unaofika nyumbani, unaokuruhusu kuita msaada mara za kutosha kwa mwaka, na usio na kikomo cha umri. Hoteli, gari la kukodi na nauli ya kuendelea na safari ni vitu vizuri kwa anayesafiri mbali na watoto. Kwa wengine ni pambo la orodha, na mimi ningebadilisha pambo hilo kwa kilomita zaidi.

Anayeendesha kidogo, karibu na nyumbani, kwa gari zima, anaweza kukaa bila mpango na kulipa siku ya shida. Uliza bei ya kubebwa mara moja hadi gereji yako, iweke mkabala na ada ya mwaka, uone ingekubidi ukwame mara ngapi ili ada ijilipe.

Ukishachagua, hifadhi namba yao na namba ya uanachama kwenye simu na kwenye karatasi ndani ya gari, maana simu nayo huisha chaji. Siku ya kupiga, taja mambo haya kabla hujaulizwa: ulipo na upande unaoelekea, kibao cha kilomita kilicho karibu, dalili jinsi ulivyoisikia, aina ya gia, magurudumu yanayoendesha, kama spea ipo, na watu wangapi wamo. Kama breki ya mkono ni ya umeme na betri imekufa, au usukani umejifunga, sema pia, kwa sababu gari ambalo magurudumu yake hayazunguki linahitaji vifaa vingine, na lori likija bila navyo utasubiri la pili.